Watoto Watatu na Viza ya Kutembea

Tangu nirudi kutoka Kanada, hakuna siku nimetandaza nguo zangu pale sokoni Toi bila mtu kuniuliza, "Mbona ulirudi?" Wengi wananiuliza kwa sauti ya chini, kama watu walio matangani. Mama Vero, anayeuza viatu vya watoto kando ya meza yangu, hana sauti ya chini. Aliniambia mbele ya wateja, "Mama Ouma, sema tu ukweli. Walikutimua, ama ulipata bwana yako ameoa mzungu?" Nilipomwambia si hili wala lile, alinitazama kwa huruma zaidi. Nimegundua kwamba watu wako tayari kukusamehe ukifukuzwa. Kurudi kwa hiari yako ndiko hawawezi kukusamehe.

Basi nimeandika mara moja, ili asome anayetaka na awasomee wengine. Nilichelewa kuanza shule nikaacha darasa la saba, msitafute maneno makubwa humu. Mambo ya fomu, picha na mihuri nimeyaruka. Yalinichosha mimi na hakuna haja yawachoshe ninyi pia.

Toi hadi dirishani

Wafula, bwana yangu, ni fundi wa mbao. Tulifunga ndoa kanisani Kawangware, nami nikahamia chumbani kwake kutoka mtaa wa Silanga. Sikwenda peke yangu. Nilienda na Ouma, Akinyi na Odero, wadogo zangu, ambao nimewalea tangu wazazi wetu walipofariki nikiwa na miaka kumi na sita. Wafula alisema ameoa mke mmoja akapewa kijiji. Alisema akicheka, na alitengeneza vitanda.

Kabla mwaka haujaisha, mzungu mmoja ambaye Wafula alikuwa akimtengenezea makabati alirudi kwao Kanada, akamwita kazini. Wafula alienda, akapata karatasi za kukaa, akaweka faili ya kunichukua kama mke wake. Faili hiyo iliingia ofisini ikaketi. Mvua za El Niño zilikuja zikabeba nusu ya vibanda vya kando ya bwawa kule Silanga, zikaisha, faili ikiwa imeketi tu. Ndipo Wafula akaniandikia: omba viza ya kutembea, angalau tuonane.

Toi nzima ikawa wakili wangu.

"Usithubutu kusema uko na bwana huko," Mama Vero alisema. "Ukisema bwana, wanajua hurudi. Sema unaenda kuona auntie."

"Auntie gani?"

"Wewe! Kwani watamuita?"

Kijana wa kuuza makoti alisema mtu akivaa vizuri haulizwi mengi. Wakanivalisha. Koti la sufu lilitoka kwa huyu, viatu kwa yule, mkoba kwa mwingine, vyote vya mitumba, vyote vilivyokuwa vimesafiri kutoka huko huko nilikokuwa nataka kwenda. Koti langu lilikuwa limeshafika Kanada bila kuulizwa swali hata moja.

Lakini sikumtaja auntie. Jina langu lilikuwa tayari limo kwenye kabati la ofisi ileile, kwenye faili ya ndoa. Nikikamatwa na uongo kwenye viza ya kutembea, ile ya ndoa nayo inakufa, na Wafula anabaki kuwa mtu wa barua. Kwa hiyo nilipofika dirishani nilimwambia mama mmoja wa ubalozi ukweli wote kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, neno moja baada ya lingine.

Alisoma, akainua macho. "Umeomba kwenda kuishi na mumeo, na sasa unaomba kumtembelea. Kwa nini usingoje?"

"Kungoja kunachukua muda," nikasema, "na ndoa yangu inazeeka bila sisi."

Hakucheka, ila kalamu ilisimama. "Nikikupa wiki sita, kitu gani kitakurudisha Nairobi?"

Nilitafuta. Sina shamba. Sina nyumba. Nina meza ya nguo za watoto ambayo si yangu hata mbao zake.

"Watoto wangu," nikasema.

"Wangapi?"

"Watatu."

Aliandika. Wiki iliyofuata nikapewa viza. Mama Vero alisema ni koti.

Kawangware hadi uwanja wa ndege

Nilikuwa nimepanga tuondoke saa nane mchana, watu wanne na begi. Saa nane tulikuwa watu kumi na tisa uani, na mzee wa kanisa alikuwa anaomba. Aliiombea ndege, rubani, magurudumu, na barafu. Kisha akaniombea mimi "popote atakapokaa siku zote za maisha yake". Nikafungua macho. Kila mtu alikuwa amesema amina isipokuwa mimi.

"Wiki sita," nikasema. "Narudi baada ya wiki sita."

"Ndiyo, dada," wakasema, vile mtu humwambia mgonjwa kwamba atapona.

Jirani yangu wa mlango wa pili alinishika mkono akaniuliza kama anaweza kuchukua karai langu kubwa, kwa kuwa sasa sina haja nalo. Nikamwambia haja ninayo. Akasema sawa, atangoja niandike barua.

Ouma ana miaka kumi na tisa na anatengeneza baiskeli. Alibeba begi langu mpaka uwanjani. Akinyi alilia kwa utulivu, na katikati ya kilio akaniuliza kama ile nguo ya maua naenda nayo ama inabaki. Odero, wa miaka kumi na miwili, alitaka kujua ndege ina choo. Niliwapa maagizo: unga uko wapi, nani anaamka kwanza, nani asiachiwe jiko. Walisema ndiyo kwa kila kitu. Walikuwa wanaitikia haraka mno, nami nikadhani ni huzuni.

Saa kumi za Ulaya

Ndege ya kwanza ilitushusha Ulaya, katika mji ambao sikuuona. Niliona vioo vyake tu, na nje ya vioo theluji, na ndani ya theluji ndege zimesimama kama ng'ombe kwenye mvua. Walitangaza tutachelewa saa mbili. Zilipoisha wakatangaza nyingine mbili. Tulikaa saa kumi.

Kando yangu alikuwa ameketi mama wa Kihindi mwenye sanduku lililofungwa kamba. Alikuwa ananitazama tangu asubuhi. Hatimaye akaniuliza, kwa Kiswahili cha dukani kwa baba yake:

"Wewe toka wapi?"

"Nairobi. Lakini kwetu ni upande wa ziwa."

"Ziwa! Mimi zaliwa Kisumu!" Akanipiga pajani. "Nitwa Mama Nitin. Wewe jaluo?"

Nikamsalimu kwa Kijaluo, akaitikia vizuri kuliko Odero wangu, ambaye amekulia Nairobi na anajua matusi tu. Alifungua kitambaa akatoa chapati nyembamba za manjano, na achari iliyonitoa machozi. Mimi nikatoa njugu zangu za kuchemsha. Tulikula, akaniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia.

Aliacha kutafuna. "Bwana? Usisema bwana! Sema nakwenda ona dada. Dada mzuri. Bwana mbaya."

"Nimeshasema. Wamenipa viza wakijua."

"Hiyo dirisha ya kwanza. Kule ndani iko dirisha ingine." Alishusha sauti. "Mimi nasema nakwenda tembea mwezi moja."

Nikatazama sanduku lake. Ndani mlikuwa na sufuria tano, kinu, na mto wa kulalia. Alikuwa amenionyesha mwenyewe wakati anatafuta chumvi.

Chumba chenye simu

Tulifika Kanada mchana mweupe kabisa. Mama Nitin alitangulia. Alisema mwezi mmoja, wakapiga muhuri, akanipungia mkono akapita na kinu chake. Mimi nilisema wiki sita, nikaonyesha tiketi ya kurudi, nikasema namtembelea mume wangu. Nikaambiwa niketi pale.

Kwenye begi langu walikuta nakala ya faili ya ndoa, ambayo Wafula alikuwa ameniambia niibebe tuisahihishe pamoja. Afisa alikuwa kijana mwenye masharubu mekundu, mwenye adabu. Kiingereza chake kilipita puani, na changu kilikuwa kimechoka safari. Akanipeleka chumba chenye meza na simu, akapiga mahali, akabonyeza kitu, na sauti ya mwanamume ikajaa chumbani.

"Asalaam aleikum, bibi. Mimi ni mkalimani wako."

Kiswahili kilikuwa cha pwani, kimepigwa pasi. Mimi ni mtu wa Silanga. Pia sikupenda kuitwa bibi nikiwa na miaka ishirini na saba, kwani kwetu anayeitwa hivyo ni nyanya mwenye wajukuu.

"Afisa anauliza, umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Kutembea na bwana yangu. Ako hapo nje anangoja."

Simu ilikohoa. Baadaye sana Wafula alinieleza kwamba kwa watu wa pwani, kutembea na bwana ni jambo ambalo mtu halisemi mbele ya afisa. Wakati ule niliona tu kijana akipokea tafsiri na masharubu yake yakipanda.

"Huyo bwana," simu ikasema kwa uangalifu, "ni mume? Wa ndoa?"

"Si ndiyo nakuambia! Bwana!"

"Alhamdulillahi," simu ikasema, ikatafsiri upya. Masharubu yakashuka. Nikafikiri tumemaliza. Kijana akageuza karatasi mbili, moja ya ubalozi na moja ya faili ya Wafula, akaziweka bega kwa bega.

"Anasema: mumeo ameandika hapa kwamba huna watoto. Lakini Nairobi ulisema unao. Unao watoto?"

"Ndiyo. Watatu."

"Huyo mumeo ndiye baba yao?"

"Hapana. Baba yao alifariki."

"Pole. Naye alikuwa mume wako?"

"Alikuwa baba yangu," nikasema.

Nilisikia, kule aliko yule mtu, saa ya ukutani. Kijana akaitazama simu, akanitazama mimi, akasema kitu kifupi. 

"Bibi," simu ikasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeongea kando ya kitanda cha hospitali. "Bibi yangu. Usiogope. Sema polepole. Hao watoto... baba yao... ni baba yako wewe?"

"Ndiyo. Na mama yao ni mama yangu. Wote walifariki." Nilikuwa nashangaa mtu mzima anashindwa na jambo rahisi hivi.

"Mkubwa ana umri gani?"

"Kumi na tisa."

"Nawe?"

"Ishirini na saba."

"Astaghfirullah!" simu ikapiga kelele, ikacheka, ikaomba radhi, ikacheka tena. "Hao ni wadogo zako, bibi! Wadogo zako!"

"Ni wadogo zangu, ndiyo. Watoto wangu."

Alimweleza kijana. Kijana akafuta jasho, maana nadhani naye alikuwa amefika mahali pabaya katika mawazo yake. Kisha akachukua kalamu, na hapo ndipo mambo yakawa magumu.

"Sasa anataka kuandika jibu moja," simu ikasema. "Watoto: ndiyo, au hapana. Ukisema ndiyo, faili ya mumeo ni ya uongo, na leo utarudishwa. Ukisema hapana, anasema, basi ulidanganya Nairobi kupata viza. Lakini hilo la pili tunaweza kulieleza. Niseme hapana? Niseme huna watoto?"

Nilikuwa na njia wazi mbele yangu. Wafula alikuwa nyuma ya ukuta mmoja. Miaka miwili sijauona uso wake, na neno moja lingenifikisha.

Nilimkumbuka Odero akiwa na mwaka mmoja, hana meno ya kutosha, nikimtafunia viazi. Nilikumbuka siku nilipomwambia mwalimu mkuu sitarudi, akaniuliza nina shida gani, nikasema nina watoto. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza wa nani.

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

"Bibi, kwa karatasi yake mtu ama amezaa ama hakuzaa."

"Basi mwambie sikuzaa. Halafu mwambie nimelea. Aandike zote mbili."

"Hakuna nafasi ya zote mbili."

"Iko nyuma ya karatasi. Nimeiona, ni nyeupe."

Kisha yule mtu wa pwani, ambaye sitawahi kumwona, aliongea Kiingereza kwa muda mrefu sana, kirefu kuliko maneno yangu yote. Sijui aliongeza nini. Nilisikia tu jina la Mungu mara moja. Kijana aliuliza majina yao, nikayataja, herufi moja moja. Aliyaandika nyuma ya karatasi: Ouma, Akinyi, Odero. Akapiga muhuri wa wiki sita.

"Bibi," simu ikasema kabla haijakatwa, "Mungu akulipe."

Nikamwambia mimi si nyanya wa mtu. Akacheka, na simu ikakata.

Wiki sita

Wafula alikuwa amengoja saa nne akiwa na maua yaliyolala. Alipika ugali wa unga wa manjano uliokataa kushikana. Tulikula kwa kijiko tukasema ni mzuri.

Anaishi chini ya nyumba ya mtu, chumba ambacho madirisha yake yanatazama miguu. Kitanda alikitengeneza mwenyewe, cha mbao nzito, na pembeni alichonga herufi za majina yetu kama mvulana wa shule. Mchana alienda kazini. Mimi nilijifunza kutembea kwenye barafu, ambako mtu hutembea kama amebeba mayai, nikazunguka maduka. Katika duka moja nilikuta majani ya sukuma wiki, mabichi, makubwa, yametandikwa chini ya samaki kama kitambaa cha meza. Nikamuuliza muuzaji, kwa vidole, bei. Hakuelewa nataka nini. Alinipa samaki. Nikamrudishia samaki nikavuta majani. Alicheka akaniambia hayo ni mapambo, huyatupa kila jioni. Tangu siku hiyo alikuwa ananiwekea fungu zima bure, na kila mara aliuliza kama sungura wangu hawajambo.

Wiki ya tano Wafula alitoa karatasi mezani.

"Kuna wakili," akasema. "Anasema unaweza kubaki. Faili iendelee ukiwa hapa. Watu wanabaki, Achieng. Kila siku."

"Nilimwambia yule kijana wiki sita."

"Yule hata hakukumbuki!"

"Mimi najikumbuka."

"Na mimi je? Miaka miwili nalala na herufi." Aligonga kitanda. "Hao watoto wako, halafu Toi yako, halafu ahadi yako kwa mzungu. Mimi ni wa ngapi kwenye hiyo laini?"

"Wa nne," nikasema. "Baada ya Odero."

Nilitaka acheke. Alianza kucheka, kisha akaenda kusimama dirishani akatazama miguu ya watu. Maneno niliyokuwa nayo nilimpa: Odero ana miaka kumi na miwili, Akinyi hajamaliza sekondari, na nikibaki bila karatasi siwezi kurudi kuwaona hata mmoja wao akifa. Nikiondoka kwa tarehe, ofisi itajua mimi ni mtu wa kurudi, na faili itasimama kwa miguu yake.

"Na ikikubaliwa?" akauliza bila kugeuka. "Utawaacha?"

Niliosha vyombo.

Usiku huohuo Wafula alichukua nakala ya faili, na pale palipoandikwa "watoto: hakuna" akaambatanisha karatasi yake mwenyewe yenye majina matatu. Hakuniambia. Niliikuta kwenye bahasha asubuhi, na tahajia ya Akinyi alikuwa ameikosea.

Kurudi

Hakuna la kusimulia kuhusu ndege za kurudi. Ziliondoka kwa wakati, kwani unapokwenda usikotaka kufika haraka hakuna theluji. Wafula alinishika uwanjani mpaka mlinzi akakohoa.

Nilikuwa nimepiga simu dukani kwa jirani kuacha ujumbe: nafika Jumapili. Uwanjani Nairobi nilitafuta nyuso tatu. Hapakuwa na hata moja. Nikangoja saa nzima, nikiwaza ajali, ugonjwa, moto. Nilipofika Kawangware nilikuwa ninakimbia na begi kichwani.

Mlango ulikuwa wazi. Akinyi alikuwa amevaa nguo yangu ya maua, anasoma kwenye meza mpya. Odero alikuwa anakoroga sufuria jikoni, sawasawa kabisa, moto wa chini. Ouma alikuwa anamlipa mtu wa maji. Kitanda changu hakikuwepo.

"Dada!" Akinyi akaruka. "Walikufukuza?"

"Niliwaambia wiki sita. Nilipiga simu."

Wakatazamana. "Tulipata," Ouma akasema. "Tulifikiri unasema tu... vile watu husema. Ili tusilie." Akatazama meza. "Kitanda ndiyo tuliuza, tukanunua hii. Ana mtihani."

Nilikagua chumba kama mkaguzi. Nilitafuta kilichoharibika. Unga ulikuwa umefunikwa. Sare za Odero zilikuwa zimefuliwa, zimekunjwa kwa namna ambayo si yangu, nzuri kuliko yangu. Barua ya shule ilikuwa imetiwa sahihi na Ouma mahali pa mzazi, kwa mwandiko imara. Hakuna aliyekuwa amengoja maagizo. Lile swali la "Utawaacha?" nililomwachia Wafula na vyombo vyake lilikuwa limejibiwa nyuma ya mgongo wangu, na waliolijibu hawakujua kwamba limeulizwa.

"Keti basi, dada," Akinyi akasema.

Niliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, kwani vile vingine vilikuwa na wenyewe. Odero akachota chai. Akinyi akamzuia mkono, akafungua kabati, akasogeza vikombe vyetu vya bati vya kila siku, na kutoka nyuma kabisa akanitolea kile cha udongo chenye sahani yake, ambacho tunawatolea wageni.